Siku Niliyopanda Ndege Kwenda Kumwoza Dada Yangu

Mkisikia watu wa Ampisikina, mtaa wa Mahajanga, wananiita Bwana Saa na Robo, msidhani ni jina la heshima. Ni aibu yangu, na niliinunua mwenyewe kwa nauli ya ndege.

Uhuru ulikuwa bado mbichi, nami nilikuwa karani kisiwa cha Nosy Be, kwenye kiwanda cha mafuta ya maua ya mlangilangi. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mimi ndiye walii wa kumwoza dada yangu Moinaesha, na ndoa yake ilikuwa ifungwe Mahajanga, Ijumaa baada ya alasiri. Mama alinisihi tusafiri pamoja kwa boti siku tatu kabla, nikakataa (karani mzima nikalale juu ya magunia?), maana nilikuwa nimeshapima kwa uzi kwenye ramani ya ofisini, kutoka kisiwani hadi Mahajanga, nikagawanya kwa mwendo wa ndege, nikapata saa moja na robo, nikawatangazia hata nisiowajua, kisha nikapeleka telegramu: nafika Ijumaa adhuhuri, msifunge ndoa bila mimi.

Uzi wangu ulikwenda moja kwa moja, lakini ndege haikwenda hivyo. Ilitua Antsohihy ikashusha barua, ikatua Analalava ikapakia watu, na hapo mvua ikatukuta, rubani akaketi chini ya bawa akawasha sigara. Nikamuuliza kwa Kifaransa changu cha ofisini tunaondoka lini, akanionyesha mawingu. Mimi huyo, kanzu nyeupe, joho, manukato tele, nazunguka kwenye majani mabichi nikikariri maneno ya kumwoza dada yangu, na saa zinakwenda. Tuliporuka tena nikalitapikia joho.

Nilifika Ampisikina wanaume wanatoka mlangoni mwa nyumba ya harusi, vidole vina halua. Mmoja akasema, "Saa na robo imefika," wakacheka, kisha wakanisikia harufu wakanipisha. Kadhi akanishika mkono.

"Tulikungoja mpaka jua likakaribia kuzama, mwanangu. Walii hayupo, nikasimama mimi."

Sheria inamruhusu. Mama alinivua joho akaanza kulifua bila kunitazama, na ningependa zaidi anigombeze.

Nikaingia ndani kwa bibi harusi. Moinaesha alikuwa ameketi kitandani, mikono imejaa hina, akaniambia taratibu:

"Kaka, niliwaomba mara mbili wakungoje. Kila nikisikia mlio juu nilidhani ni wewe."

Nililia pale pale, mwanaume mzima, nikasahau hata ninavyonuka.

Siku hizi nikialikwa shughuli hufika siku mbili kabla, wenyeji wananichoka, na umbali siupimi tena, nauliza tu njiani kuna nini. Lakini kumwoza mtu sijawahi mpaka leo, maana dada ninaye mmoja tu.