Mlango wa Mbao, na Mimi Migombani

Wajukuu wangu wakitafuta nyumba huniuliza waanze kutazama wapi. Nawaambia popote, ila si mlangoni. Hasira ya jibu hilo ni ya zamani, tangu Mjerumani akitawala na mimi nikiwa mke mgeni.

Nilikuwa nimeletwa kwa mtumbwi kutoka Ikombe, kijiji cha wafinyanzi kando ya ziwa, na kazi niliyoijua ilikuwa moja: kufinyanga vyungu. Mume wangu alikuwa Mnyakyusa wa Talatala, huku bondeni. Tulikaa katika kibanda cha kuazima, nikamwambia kwamba nyumba ninayoitaka si lazima iwe kubwa, bali iwe na sakafu kavu. Chungu kibichi hukaa siku nyingi ndani kikikauka kabla ya kuchomwa, na kikiguswa na maji kinarudi kuwa udongo. Sakafu mbovu maana yake kazi yangu ya mwezi mzima ni bure. Mume wangu aliitikia vizuri sana. Kwa kuitikia alikuwa hodari.

Ikapatikana nyumba ya seremala aliyeitwa kufanya kazi kwenye boma la Wajerumani huko milimani. Alitaka ng'ombe mmoja, na sisi tulikuwa naye huyo mmoja tu. Tukaenda kuitazama, na baba yake mume wangu akajitokeza kutusindikiza.

Kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hamsemeshi, na akimwona njiani hujificha. Tulikuwa tumebatizwa, na mwalimu wa misheni alitwambia kumsalimia mzee si dhambi, lakini mwalimu hakuwa mke wa mtu. Nikajifunika uso, nikaingia migombani. Nyumba nitakayoishi mimi ikatazamwa na wanaume.

Niliwasikia vizuri. Seremala alikuwa ameweka mlango wa mbao wenye bawaba na komeo la chuma, wakati kijiji kizima kilifunga nyumba kwa mianzi. Baba mkwe akaufungua, akaufunga, akaufungua tena. Akaupigapiga ubavuni kama anayechagua fahali.

"Ndaga," akasema. "Ndaga fijo."

Alikuwa anaushukuru mlango.

Nami kule migombani niliona kitu ambacho wao hawakukiona. Kila mgomba ulikuwa na alama ya tope kavu, usawa wa goti langu, yote sawasawa. Maji ya mto yalikuwa yamesimama pale masika yaliyopita. Nikachungulia ukuta wa nyumba. Ulikuwa umekandikwa upya kuanzia chini hadi usawa huo huo wa goti, na juu yake udongo ulikuwa wa zamani. Mfinyanzi hahitaji kuambiwa upi mpya na upi wa zamani. Aliyekandika alikuwa na jambo la kuficha.

Nikakohoa. Nikakohoa tena. Mume wangu akaja amekunja uso.

"Mzee atakusikia."

"Tazama migomba. Maji yanafika hapa."

"Mzee ameshakubali."

"Amekubali mlango. Nyumba je?"

"Sasa nikamwambie nini? Kwamba mke wangu anamsahihisha kutoka mafichoni?"

Akarudi kwa wenzake. Kabla jua halijazama, ng'ombe wetu alikuwa wa seremala.

Masika yalipokuja, maji yaliingia asubuhi, kwa kupita chini ya mlango ule ule. Nilikuwa na vyungu vibichi kumi na viwili sakafuni. Nikaanza kuvipandisha darini kimoja kimoja, mume wangu akinipokea kwa juu. Nikiwa na cha tatu mkononi, nikasikia hodi. Baba mkwe amekuja kutusaidia. Nikampa mume wangu kile chungu, nikajifunika, nikatokea mlango mdogo wa nyuma, wa mianzi, ambao hakuna aliyewahi kuusifu.

Nikasimama migombani, maji yakiwa magotini, penye alama ile ile. Ndani, wanaume waliokoa mkeka, majembe na mpunga. Mzee alipoondoka nikarudi. Vyungu tisa vilikuwa tope, na sikuweza kuvitofautisha na sakafu. Nililia kwa hasira, kisha nikamwambia mume wangu maneno ambayo mwalimu wa misheni asingependa kuyasikia.

Siku chache baadaye mama mkwe alikuja na ujumbe.

"Mzee anasema nyumba ijayo utaitazama wewe. Yeye atakaa migombani."

Akakaa kweli. Nyumba ya pili ilikuwa kwenye mwinuko, na mlango wake ulikuwa wa mianzi. Niligusa ukuta chini hadi juu. Nililala kifudifudi nikanusa sakafu. Nilikagua mianzi ya paa kama inadondosha unga wa wadudu. Mvua ikaanza kunyesha, nikamsikia mzee akikohoa kule migombani, mara moja, kisha tena. Nikarudi kwenye ukuta, nikaanza kuukagua upya.