Chunusi ya Kioo

Kazini walimwita Mama Vumbi, maana hakuna aliyelichukia vumbi kama yeye. Alitengeneza vioo vyembamba kama ukucha, vya darubini ya eksirei itakayorushwa angani. Kila kioo hulazwa juu ya kalibu, kikaingizwa tanurini, kikalainika na kuchukua umbo lake. Punje moja ya vumbi ikinaswa chini yake, kioo hutoka na chunusi.

Siku hiyo kilitoka kimoja na chunusi. Mama Vumbi akamvaa mzee mpiga deki mbele ya watu.

"Macho unayo ya nini, mzee? Unapiga deki au unapaka matope?"

Fundi wa hadubini aliichunguza ile punje, akakohoa kidogo.

"Dada, hii inametameta. Ni rangi ya kope."

Vipodozi ni marufuku mle ndani. Tangazo la mlangoni aliliandika Mama Vumbi mwenyewe. Nyani haoni kundule. Jana yake alijipaka kidogo tu, kwa ajili ya picha ya kitambulisho kipya, akaingia kazini bila kunawa.

Hakuna aliyecheka. Wote walikitazama kitambulisho kifuani mwake, kope zikimetameta pichani.

"Pole, mama," mzee alisema, akaendelea kupiga deki.

Mama Vumbi alikigeuza kitambulisho haraka. Uso wenyewe ndio hakuwa na pa kuuficha.