Kimondo Tulichokiita Bomu

Nilipaswa kumwambia mjomba kwamba sitoki Newala. Nilikubali kutoka, na mpaka leo moshi mkali wa korosho zinazochomwa ukiniingia machoni, narudi jioni ile.

Bibi yangu, aliyenilea, alikuwa anageuza korosho uani juu ya kipande cha bati. Giza ndiyo kwanza lilikuwa linaingia. Mara uwanja wote ukawa mweupe, nikaona hata mikunjo ya vidole vyake. Juu ya bonde la Ruvuma lilipita dude la moto, kijani mbele, jekundu mkiani, likapasuka vipande vipande kimya kimya. Baadaye kidogo ndipo ukaja mshindo, sufuria zikagongana jikoni.

Ng'ambo ya mto kulikuwa na vita, nasi tulishazoea kusikia mabomu ya Wareno. Basi mtaa mzima ukajua ni bomu. Jirani yetu alirukia shimo la choo alilokuwa bado analichimba, akashindwa kutoka. Mjomba tulimkuta kichwa kiko chini ya kitanda, miguu yote nje.

"Ninyi mliopita jandoni mnakimbia nyota?" bibi akamuuliza. "Ndege huja inalia, mwanangu. Hii imekuja kimya."

Mjomba hakucheka. Chakula cha jioni hakijaiva, alikuwa ameshaamua: kesho tunahamia Nanganga, mbali na mto, kwa shemeji yake. Bibi akasema haachi mikorosho yake wala makaburi ya watu wake. Alisema mara moja tu, akaendelea kubangua.

Kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye mtoto. Angeweza kunichukua bila kuniuliza. Bibi ndiye aliyemzuia. "Mwache aseme mwenyewe."

Niwaambieni ukweli: sikuogopa bomu. Nilimwamini bibi. Lakini maji yetu yalikuwa chini bondeni, na kwa kuwa miguu ya bibi ilikuwa mibovu, mimi ndiye niliyeshuka kila asubuhi na kuupanda ule mlima na ndoo kichwani, shingo inawaka moto. Nanganga, alisema mjomba, kisima kiko nyuma ya nyumba.

"Nakwenda," nikasema.

Bibi alinifungia korosho kwenye kitambaa. "Haya. Usimsumbue mke wa mjomba wako."

Nikiwa sekondari Masasi, mwalimu alituchorea kimondo ubaoni, akaeleza kwa nini mwanga hutangulia na sauti hufuata. Wenzangu walinakili. Mimi kalamu ilinigomea.

Mvua za mwaka ule tulioondoka zilichelewa, bibi akakosa maji ya kukinga. Hakuwa mtu wa kuomba maji kwa jirani, kwa hiyo alishuka bondeni mwenyewe na miguu yake ile mibovu. Wakati wa kupanda, ndoo ikiwa imejaa, alianguka, wala hakuinuka tena. Habari ilitufikia Nanganga akiwa ameshazikwa.

Nilitaka kupumzika kubeba maji, na kwa sababu hiyo bibi yangu alikufa.