Akiba Ndani ya Mshono

Wifi yangu Muhsina alikuwa na ulimi mkali kuliko mkasi wake, na mkasi wake haukuwa wa mchezo. Duka lake la ushoni lilikuwa Hamriya, juu ya duka la muuza simu, na mabibi arusi wengi wa kwetu, sisi wa asili ya Unguja tulioko Maskati, walitoka na nguo zake. Walimfuata kwa jambo moja hasa: hakubania kitambaa. Ndani ya kila mshono aliacha akiba nene iliyokunjwa, mpaka mwenye nguo akalalamika kuwa inamkera ubavuni.

"Kaa nayo hivo hivo," alikuwa akimjibu. "Mwanamke huongezeka. Utazaa, utanenepa, utakuja hapa nikufungulie."

Na kweli walirudi, wamenenepa, na Muhsina akawafungulia huku akiwacheka.

Alikuwa na kazi ya pili, isiyo na ujira. Akifa mwanamke katika jamaa zetu, yeye ndiye aliyekata sanda. Kazi hiyo aliifanya kimya, yeye mtu asiyejua kunyamaza. Sanda ni bafta nyeupe, haishonwi, hukatwa na kuchanwa tu, ikafungwa kwa vipande vya bafta hiyo hiyo. Ila wa damu yake hakuwakatia. Mama yake alipofariki alimkabidhi mkasi mwanamke mwingine, akatoka nje. "Mkono hauendi," alisema, na hakuna aliyemlaumu.

Kisha akaugua Ruba, binti yake wa pekee.

Ruba alikuwa mwalimu, msichana wa mwili wake, mcheshi, mpenda kula. Alikuwa amechumbiwa, na mama yake alikwisha kumpima na kumshonea nguo ya arusi. Saratani ikaingia. Watu wa mchumba walikuja hospitali mara moja na maua yao, hawakuonekana tena. Nimewaachia Mungu, lakini nikikutana na yule mama yao dukani simwamkii, na wala sijuti. Nguo ikabaki kabatini. Ruba akakonda mpaka bangili zikawa zinamtoka mkononi zenyewe.

Madaktari waliposema hawana tena la kufanya, Ruba hakujificha nyuma ya maneno. Alitaka jambo moja tu: mama yake amkatie sanda. Kila akilitaja, Muhsina alitoka chumbani. Mara maziwa yanafurika jikoni, mara kuna mtu anabisha mlangoni.

Ndipo Ruba akaomba tumpeleke sinema, Qurum. Niliendesha mimi. Ilikuwa filamu ya maisha ya mshonaji mmoja mashuhuri wa Kifaransa, mwanamke aliyekwisha kufa zamani. Sikuifuata vizuri, maana Muhsina hakufunga mdomo.

"Mtazame huyo! Kambana msichana wa watu kwa pini, hakuacha hata upana wa kidole! Akila wali tu, imepasuka!"

Ruba alicheka mpaka akakohoa. Watu wa mbele wakageuka, nikawakodolea macho mpaka wakarudisha shingo zao.

Halafu, katika filamu, dada wa yule mshonaji akafa. Jamaa zake walikuja kumchukua waende maziko. Hakwenda. Alibaki chumba chake cha kazi akifumua mkono wa koti na kuushona tena, akifumua na kushona, na wale wakimngoja mlangoni mpaka wakachoka wakaondoka. Muhsina akanyamaza.

Ruba akamshika mkono. "Mama, mimi usinifanyie hivo. Nnakuomba. Nguo zangu zote umekata wewe. Sitaki mkono wa mtu mwengine."

"Tazama filamu, mwanangu."

"Nimeshaitazama, Mama."

Njia nzima ya kurudi hakumjibu. Nilikuwa na hasira naye. Mtoto anakufa, naye anamnyima neno moja la kumtuliza! Kwenye kioo nilimwona Ruba amelaza kichwa dirishani, macho wazi, amekata tamaa.

Alifariki mwezi ule ule, Ijumaa asubuhi, na ahadi hakuipata.

Tulimpeleka kwenye chumba cha kuoshea. Bi Shahad, mkuu wa waoshaji wetu, alikuwa ndiyo kwanza ameniuliza nani atakata, Muhsina akaingia na mkasi wake wa dukani. Hakumsalimu mtu. Alikwenda chumba cha pili, akatandika mkeka, akaitandaza bafta. Kipimo hakuchukua. Mwili wa Ruba alikuwa nao kichwani tangu ile nguo ya arusi. Tukiwa tunaosha, tulimsikia akikata, pole pole, bila kusita. Nikalia kwa furaha na kwa uchungu, sijui kipi kilitangulia. Mkono ulikuwa umekwenda.

Lakini tulipomvisha Ruba kanzu ya sanda, kile kipande kinachotobolewa shingo tu, kitambaa kilitapakaa huku na huku. Katika bafta ile alionekana mdogo, kama mtoto aliyevaa nguo ya mama yake. Bi Shahad akaishika kanzu ubavuni, akasema kwa upole, "Muhsina, bibi, hii imezidi mno. Tuipunguze kidogo?"

Muhsina akapiga magoti. Alikikusanya kile kitambaa kilichozidi ubavuni mwa mwanawe, akakikunja kwa ndani kwa vidole viwili, akakipigapiga kilale, vile vile alivyokuwa akiwafanyia mabibi arusi.

"Msikate," alisema. "Nimemwachia. Ataongezeka."

Bi Shahad alinitazama. Nikaokota vile vipande vya kufungia, tukamfunga Ruba hivyo hivyo, na akiba yake ndani.