Bia Nyeusi Mbele ya Baba Mkwe

Jumamosi mchana, kwenye nyama choma hapa Kitengela, kijana alikuwa amemleta mchumba wake aonwe na baba yake, mfugaji wa Kajiado aliyeokoka.

Mhudumu alileta soda mbili na bia nyeusi moja. Bila kuuliza, akaiweka bia mbele ya mzee. Mji huu umeipenda bia nyeusi, wanawake kwa wanaume, lakini wahudumu wengine bado hawajapata habari.

Msichana akabadilisha chupa polepole. "Pole baba. Hii nyeusi ni yangu."

Kijana akainamia nyama.

"Wewe unakunywa hii kitu?" mzee akauliza.

"Moja tu, baba. Nikikuficha leo, si utaiona tu nikishaolewa?"

Mzee akaishika ile chupa, akaitazama, kisha akammiminia mwenyewe, glasi ameiinamisha povu lisimwagike. Mkono wa mtu aliyewahi kuijua.

"Huyu usimwache," akamwambia mwanawe.

Kijana akapata nguvu, akamwita mhudumu. "Niletee na mimi moja."

"Wewe maliza soda," mzee akasema. "Uliniambia uliacha."