Kilomita Laki Tatu na Kiti cha Nyuma

Mimi nina ugonjwa wa kuuliza. Mke wangu anasema siku nikifa nitamuuliza mchimba kaburi amechimba futi ngapi na kwa nini asingeongeza moja. Kwa hiyo niliposikia kwamba mstaafu mmoja aliyerudi Lushoto kutoka Dar es Salaam anauza gari lake la kifahari, saluni nyeusi ya Kijapani yenye viti vya ngozi, sikwenda kulinunua. Nilikwenda kuuliza.

Mzee huyo nilimjua kwa sababu ya maziwa. Sisi tunafuga ng'ombe kijijini Kwai, na asubuhi nilikuwa nayapeleka maziwa mjini kwa pikapu yangu, nyumba yake ikiwa ya tatu katika mzunguko. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, tukaulizana hali za nyumbani, za ng'ombe na za mvua, na tulipomaliza hayo yote ndipo nikauliza habari za gari. Akanipa ufunguo, akaniambia nikae humo nilione mwenyewe.

Nikakaa. Kitu cha kwanza nilichotazama ni kilomita: laki tatu na kumi na nane elfu. Shuleni tulifundishwa kwamba kuizunguka dunia ni kama kilomita elfu arobaini, nikapiga hesabu palepale. Karibu mara nane. Ebo! Mimi mbali nilikowahi kufika ni Morogoro, tena kwa msiba, na hiki chombo kimeizunguka dunia mara nane kikaja kukaa chini ya paa la bati Lushoto. Kilikuwa kinampeleka nani? Walikuwa wanagombana humu ndani au walikuwa wanacheka? Kwenye mfuko wa mlango nikakuta kikaratasi cha maandishi ya Kijapani, nikakigeuza juu chini, chini juu, nikakirudisha.

Nilipowasha, mwanamke akasema kutoka kwenye dashibodi. Sauti laini, yenye adabu, Kijapani kitupu, sentensi moja tu, kisha akanyamaza.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Hata mimi sijui," mzee akajibu. "Kila nikiwasha ananiambia hivyohivyo, mwaka wa sita huu."

Nilimshangaa. Mtu unasemeshwa na mwanamke miaka sita na hutaki kujua anachokuambia!

Ukweli ni kwamba sikuwa mdadisi tu. Mke wangu mgongo wake umeharibika. Aliteleza shambani siku ya mvua akiwa na gunia la viazi kichwani, na pingili mbili za chini zikakaa vibaya. Hospitali ya Moshi walisema kupasuliwa si lazima, mazoezi yatamsaidia, aje kila mwezi. Alikwenda mara tatu. Mara ya nne tulipofika Mombo alishuka kwenye Noah ya abiria analia mbele za watu, mwanamke ambaye hakulia hata alipojifungua, akaniambia, "Mgoshi wangu, nirudishe." Mgoshi ndivyo mke wa Kisambaa anavyomwita mumewe, na akilitamka vile ujue habishani. Njia nzima ya kurudi alisema neno moja tu: hatashuka tena mlima huu mpaka ashushwe kwenye jeneza.

Baada ya hapo binti yetu wa Tanga akajifungua mtoto wake wa kwanza. Kwetu, binti akizaa kwa mara ya kwanza, mama yake huenda. Humkanda, humpikia uji, humwogesha mtoto, na hupeleka mbeleko. Mke wangu mbeleko alikwishainunua, khanga nzuri nyekundu, akaiweka sandukuni. Haikutoka. Mtoto naye alizaliwa njiti, kifua chake chepesi, wazazi wake wakaogopa kumleta kwenye baridi yetu. Kwa miezi minane mjukuu tulimwona kwenye simu, na simu ikishazimwa mke wangu alikuwa anageukia ukutani. Iliniuma, na sikujua la kufanya. Basi nilipokuwa nimekaa kwenye lile gari, mkono wangu mmoja ulikuwa kwenye usukani na mwingine ulikuwa nyuma unabonyezabonyeza kiti.

Nikamleta fundi wangu. Akafungua boneti, akasikiliza, akalala chini uvunguni, akatoka na uso wa daktari.

"Injini nzima, mzee. Gia nzima. Ila hili halina shokapu za kawaida. Limekaa juu ya mifuko ya upepo, na mifuko imechoka. Njoo kesho alfajiri kabla halijawashwa utaona."

Asubuhi yake nikaenda, na safari hii nikamchukua mke wangu. Kutoka Kwai nilimlaza kwenye bodi la pikapu juu ya godoro, nimemfunika blanketi, nikaendesha mwendo wa kinyonga. Njiani watu walikuwa wananisimamisha kwa sauti za huzuni kuuliza nani amefariki, na yeye anainua mkono kutoka kwenye blanketi: "Mimi bado, jamani, nendeni mkalime!"

Tulilikuta gari limeinama. Nyuma yote imekaa chini, matairi yamemezwa. Mzee akawasha, yule mwanamke akasema maneno yake, na gari likaanza kunyanyuka taratibu, kidogo, kidogo, mpaka likasimama sawasawa. Tukalitazama wote watatu.

"Linaniamkia," mke wangu akasema. "Marahaba, mwanangu."

Tukamsaidia kuingia nyuma. Akajiegemeza. Mimi nikawa namwuliza fundi, ambaye alikuwa amekwishafika: mifuko ikipasuka je? Akasema mipya bei yake siyo ya muuza maziwa, na watu wengi wanaing'oa wanaweka springi za kawaida. Na mgonjwa wangu je, kwenye springi za kawaida? "Hapo utakuwa na gari kama magari mengine, mzee. Atarukaruka." Itadumu muda gani hii iliyopo? "Nisikudanganye. Inaweza kumaliza mwaka, inaweza isifike Krismasi."

Loo, nikachoka. Katika gari lote, kitu pekee nilichokihitaji ndicho kilichokuwa kinakufa. Shemeji yangu, nilipompigia, akanimalizia kabisa. Akaniuliza nataka kubebea maziwa kwenye viti vya ngozi, au nimepata cheo serikalini yeye hajaambiwa? Nikamkatia simu.

Mzee, Mungu ambariki, akaniambia nikalijaribu mpaka Mombo na kurudi. Pikapu yangu ikabaki uani kwake. Fundi akaenda zake kazini, tukaondoka wawili tu, mimi mbele na mke wangu nyuma, amelalia mto.

Weee! Sijawahi kuendesha kitu cha namna ile. Ile barabara naijua shimo kwa shimo, na nilikuwa nayaona mashimo yanapita chini yetu bila kusikia kitu. Nilimwuliza kama anaumia, akasema hapana. Baada ya muda nikamwuliza tena, akasema nisimsumbue. Tulipofika Soni nikatazama kwenye kioo, amefumba macho na mdomo umeachia kidogo. Amelala! Mwaka mzima sikumwona akilala akiwa ameketi. Moyo ukanijaa, nikaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini.

Hapa lazima nieleze tabia yetu. Sisi wa huku milimani petroli tunaihesabu wakati wa kupanda. Kushuka tunakuona kama zawadi. Hakuna dereva wa pikapu wa rika langu ambaye hajawahi kutoka Soni akaweka nyutro, akazima injini, akateremka na upepo kuelekea Mombo. Ni kosa, tunajua, na trafiki wanajua. Ila pikapu yangu ina usukani wa kuvutwa kwa mabega na breki ngumu tangu nilipoinunua, kwa hiyo iwake au izimike kwangu ni mamoja. Nimefanya hivyo miaka zaidi ya ishirini.

Basi mkono ukasogeza gia nyutro, ukageuza ufunguo. Mkono, siyo mimi. Mimi nilikuwa naimba.

Kimya kikawa kizuri. Kona ya kwanza ilikuwa pana, nikaikata nusunusu, nikashangaa mbona usukani umekuwa mzito. Nikagusa breki, ikashika. Nikagusa tena, ikashika kidogo. Mara ya tatu mguu ulikutana na kitu kama jiwe; kumbe usukani na breki za hili husaidiwa na injini, nami nimeizima. Mbele yangu kulikuwa na kona nyingine, kulia mlima, kushoto hakuna kitu, nasi tunaongeza mwendo. Mama yangu! Niliuning'inia ule usukani kwa mikono yote miwili, miguu yote miwili juu ya breki, na kilichonijia akilini siyo sala. Nilijiuliza, hili likidondoka litadondoka kwa kichwa au kwa mkia? Ndivyo nilivyo.

Upande wa mlima mafundi wa barabara walikuwa wameacha lundo la kokoto. Nikalivuta gari mpaka huko, likapanda lundo polepole, likakoroma, likasimama.

Nilikaa. Nikavuta breki ya mkono. Nikashuka, nikaangalia bampa: vumbi tu na mkwaruzo wa kidole. Nikatazama nyuma kupitia kioo. Bado amefumba macho. Nikarudi, nikageuza ufunguo, likawaka, na yule mwanamke wa Kijapani, na adabu zake zote, akasema sentensi yake. Nikamlaani kimoyomoyo. Yeye husema gari linapowashwa tu, na mtu yeyote mwenye akili angejua kwamba kama amesema, basi lilikuwa limezimwa.

"Tumefika?" sauti ya usingizi ikatoka nyuma.

"Bado," nikasema. "Nilisubiri ng'ombe wavuke."

"Haya," akasema.

Mombo alishuka kwa miguu yake. Akashika mlango, akajinyoosha, akamwita muuza machungwa na kugombana naye bei mpaka akashinda. Mimi nilisimama pembeni na chungwa langu bila kulimenya. Nikampa sababu ya joto.

Siku tatu nilizunguka na lile jambo. Nilitaka kulirudisha wazo zima lilikotoka. Najijua, mkono wangu una miaka ishirini ya mazoea mabaya, nami nitambeba mke wangu, na huko Tanga labda mjukuu. Lakini kila nikimtazama anavyokwenda kwa kujishikilia ukutani, namwona vile alivyolala kwenye kile kiti. Kumwambia ukweli sikuweza. Nilimwambia nusu ile ya fundi: mifuko imechoka, huenda isifike Krismasi, na ili tulilipie itabidi tuuze mitamba wetu wote wawili.

Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Mimi sikuulizi litadumu mpaka lini," akasema. "Nauliza, litafika Tanga?"

Nikasema litafika.

"Basi uza mitamba."

Tukauza. Wanakijiji walicheka, na wengine wakaja kulitazama asubuhi linavyonyanyuka, wakawa wanaliitikia marahaba kama mke wangu alivyowafundisha. Mimi nikabandika kipande cha plasta kwenye shina la ufunguo ili mkono ukigusa ukumbuke. Aliyeniuliza ni cha nini nilimwambia ufunguo una makali.

Siku ya safari tuliondoka umande ukiwa bado haujakauka. Alivaa gauni lake la Pasaka, akawekewa mto wake nyuma, akamjibu yule Mjapani, "Nawe pia, mwenzangu." Mpaka Soni tulizungumza habari za mtoto: kama atakuwa na pua ya kwetu au ya ukweni, kama ataogopa sura ngeni. Baada ya Soni akanyamaza. Nikatazama kioo. Amefumba macho, mdomo umeachia kidogo, kama siku ile.

Kona pana ikaja. Naapa mkono wangu ulikuwa juu ya usukani. Labda vidole vilicheza.

"Mgoshi wangu," akasema, macho bado amefumba. "Leo usizime."

Niliendesha mpaka tukalipita lile lundo la kokoto, siku hizi limebaki nusu, ndipo nikauliza.

"Kumbe siku ile ulikuwa macho?"

"Tangu Soni. Hata hao ng'ombe wako niliwatafuta, sikuwaona."

"Sasa mbona hukusema kitu? Tungekufa, mama wewe!"

Akafumbua macho, akanitazama kwenye kioo. Hakuwa amekasirika.

"Ningesema, ungelinunua?"

Nami mwenye ugonjwa wa kuuliza nikarudisha macho barabarani. Niliiacha injini inanguruma mteremko wote. Yeye aliichukua ile mbeleko nyekundu mapajani, akaikunjua, akaikunja upya, na Mombo tukapita bila kusimama.