Siku Bi Mawimbi Alipohamisha Matangazo

Wenzake katika kituo cha televisheni walimpachika jina la Bi Mawimbi, naye akalizoea mpaka mumewe akawa anamwita hivyo akitaka kumchokoza. Alikuwa mkuu wa mitambo ya kurusha matangazo kwenda kwenye setilaiti, mwanamke mwembamba asiyependa kukurupushwa. Ujana wake ulipita kwenye kibanda cha mjomba wake, akifufua redio zilizokufa, na hadi leo mtambo ukisumbua huuinamia kwanza akautazama kimya kabla hajagusa kitu.

Jumapili ile kituo kilikuwa kinahamia mfumo mpya wa kurusha. Wa zamani ulikula nafasi kubwa kwa chaneli chache. Mpya ungebeba chaneli nyingi zaidi katika nafasi ileile, tena kwa picha ang'avu. Watazamaji walishatangaziwa wee wabadilishe ving'amuzi. Bi Mawimbi aliomba kazi hiyo ifanyike siku isiyo na mambo. Mkurugenzi akakataa katakata: alitaka fainali ya mpira ya alasiri ile ndiyo ifungue mfumo mpya.

Adhuhuri akazima wa zamani, akawasha mpya. Skrini inayoonyesha kinachorudi kutoka angani ikabaki nyeusi tii.

"Subirini," alisema.

Picha ikachomoza, ikakatika vipandevipande vya rangi. Hapo hapo simu yake ikalia. Mama mkwe.

"Mwanangu, mbona umetuzimia? Wageni wamejaa sebuleni, na mumeo yuko juu ya paa anazungusha dishi!"

"Mama, mwambie ashuke! Dishi halina kosa. Kosa liko huku kwangu."

Mkurugenzi akaingia mbio, tai imemkaa upande. "Watu wote hawaoni kitu! Ongezeni nguvu!"

Fundi msaidizi, aliyekaa kwenye mtambo wa kukuza mawimbi, akapandisha nguvu. Kisha akapandisha tena. Sasa hata vile vipande havikuonekana.

Bi Mawimbi akaitazama swichi ya mfumo wa zamani. Angeweza kurudisha mfumo wa zamani, fainali ionekane, yeye abaki na aibu yake. Mkono ulishaelekea kwenye swichi. Ndipo akagutuka: mbona kila nguvu ikipanda, hali inazidi kuharibika? Mfumo mpya ulibana mambo mengi mahali padogo. Huenda mtambo ulikuwa unasukumwa kupita kiasi, ukayavuruga, kama mtu anayepayuka mpaka maneno yake hayaeleweki.

Huenda. Hakuwa na hakika.

"Punguza nguvu," alimwambia fundi.

"Nipunguze?"

"Punguza. Polepole."

Mkurugenzi akamgeukia, macho yamemtoka. "Umechanganyikiwa? Picha hamna, halafu unapunguza?"

"Bosi, nipe nafasi. Ikigoma, narudisha wa zamani na kazi nakuachia."

Fundi akapunguza. Skrini ikabaki nyeusi.

"Tena."

"Dada, tukishuka zaidi ya hapa..."

"Tena!"

Vipande vya rangi vikarudi. Vikaungana. Ghafla skrini ikajaa nyasi za uwanja, kijani kibichi, na mtu anachora mstari wa chokaa. Hakuna aliyeshangilia. Walisimama wakingoja ikatike. Haikukatika.

Mkurugenzi akajibwaga kitini. "Leo presha ingeniua."

"Siku nyingine nikikuomba siku ya kawaida," alisema Bi Mawimbi bila kumtazama, "nipe siku ya kawaida."

Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa.

Fundi alimletea chai, ikapoa mezani. Bao la kwanza lilipoingia, jengo zima lililipuka kwa vifijo, watu wakakumbatiana korido nzima. Yeye hakuliona. Alikuwa ameinamia kipimo cha mawimbi, kidole kikielea juu ya kitufe cha kupunguza nguvu, na alikaa vile vile mpaka refa alipomaliza mchezo.